Mteja Namba Moja

Mke wa fundi aliondoka nyumbani Jumanne asubuhi, na fundi mwenyewe alikuwepo. Alikuwa mezani, pua imekaribia kugusa kompyuta, anahangaika na kosa lililomnyima usingizi. Mke akasimama mlangoni na begi la buluu, akasema aliyoyasema, fundi akajibu, mlango ukafungwa. Jioni njaa ilipombana ndipo alipogundua kwamba ndani ya nyumba hakuna sauti nyingine ila ya jokofu.

Kesho yake akapiga simu.

"Uko wapi, mke wangu?"

"Niko kwa mama. Si nilikuambia?"

"Sawa," akasema fundi, akakata simu, akakaa kitandani akijua ameachwa.

Kwa ujuzi wake, mwanamke akishasema "si nilikuambia" kwa sauti ile, mambo yameharibika na aliyeyaharibu ni mwanamume. Alichokuwa hajui ni kosa lenyewe. Akajikagua kama anavyokagua mashine, kifaa kimoja kimoja, akajikuta mzima: halewi, halali nje, hajawahi kumpandishia mke sauti. Mke akisema jambo, yeye hukubali. Wanaume wangapi wanakubali? Akaenda kumwona kaka yake mkubwa, ambaye wake wawili walishamkimbia na kwa sababu hiyo alijiona mtaalamu. Kaka akamshauri kwa kinywa kipana: "Usimfuate. Mwache apoe. Ukimfuata atakupanda kichwani."

Fundi akasema sawa. Jumapili ikapita, akaimaliza akifua soksi zake mwenyewe. Jumatatu akaenda kazini, na huko nako balaa lilikuwa linamsubiri.

Alikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya maji. Ofisi yenyewe ilikuwa ukumbi mmoja wenye feni inayozunguka kwa kusitasita, kaunta ndefu iliyochubuliwa rangi na viwiko vya wateja, na nyuma ya kaunta madawati matatu. La kwanza lilikuwa la Mama Mihuri, mkongwe wa ofisi, ambaye akigonga mhuri vikombe vya chai huruka. La pili lilikuwa la Komando, mwanamume mpole kupita kiasi, aliyepewa jina hilo kwa sababu ya buti zake tu. La tatu lilikuwa la Kidosho, ambaye kioo chake cha mkononi kiling'aa kuliko skrini yake. Chumba cha fundi kilikuwa nyuma, katika iliyokuwa stoo ya mabomba, na harufu ya mabomba haikuwahi kuhama.

Wale watatu walitumia programu moja, ya wateja. Humo mlikuwa na orodha ya kila nyumba yenye mita mpya, zile zinazofungwa na kufunguliwa kwa amri ya kompyuta bila mtu kwenda na spana. Ukibonyeza Kata, bomba la mtu upande wa pili wa mji linanyamaza. Ukibonyeza Rudisha, linaanza tena. Juu kabisa ya orodha hiyo, mteja namba moja, alikuwa mama mkwe wa fundi.

Haikuwa bahati. Mita hizo zilipoletwa mji mzima ulizigombania, na fundi, ambaye ndiye aliyekuwa akiingiza majina, aliona hapo ndipo pa kung'ara ukweni. Mama mkwe akawa wa kwanza. Meneja, ambaye hakuuliza ni nani huyo wa kwanza maana alishughulika kuhakikisha wa pili ni yeye, akawa wa pili. Mama mkwe alilitangaza jambo hilo mtaa mzima, na kwa muda fundi akawa mkwe wa mfano.

Jumatatu hiyo likaja agizo kutoka makao makuu: kompyuta zote zibadilishiwe msingi wa programu. Msingi huo mtu wa kawaida hauoni. Ni mfumo ulio chini, ambao programu nyingine zinasimama juu yake, na watengenezaji wa ule wa zamani walikuwa wameshatangaza kwamba hawautunzi tena. Fundi akaung'oa wa zamani, akaweka mpya, akazima, akawasha, akaijaribu programu ya wateja kwenye kila dawati. Ilifunguka upesi kuliko siku zote. Akajipongeza kwa kikombe cha chai.

Jumanne hakuwahi hata kuvua koti.

"Fundi! Programu imegoma!"

Akaenda mbio. Mama Mihuri alikuwa ameinua mikono juu ili ionekane hajagusa kitu.

"Imefanyaje, mama?"

"Imeleta maandishi."

"Yanasema nini?"

"Maandishi tu, mwanangu."

"Ndiyo, lakini maandishi gani?"

Mama Mihuri akafikiri kwa uaminifu wote. "Meusi," akasema.

Maandishi yenyewe hayakuwapo tena, kwa kuwa alishafunga kila kitu. Fundi akaifungua programu yeye mwenyewe. Ikafunguka, orodha ikatokea, mteja namba moja juu, haina kasoro. Akaifunga, akaifungua tena, vilevile.

"Unaona? Imekuogopa," Mama Mihuri akasema. "Ukigeuka tu itaanza."

Komando akasema kwa upole kwamba yake imempeleka mahali asipopajua. Kidosho akasema yake imemuuliza swali.

"Swali gani, dada?"

"Sijui. Nililijibu, likaondoka."

Fundi alikuwa anatafuta neno la heshima la kumjibu simu ilipolia. Ni mama mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Huku kwetu maji yamekatika."

"Yamekatika?"

"Kwangu tu. Kwa jirani yanatoka. Nami na hali yangu hii unaijua, kuinamia ndoo nimekatazwa."

"Sawa, mama. Sawa, sawa. Nalishughulikia sasa hivi."

Akakimbilia stoo yake na kuitazama akaunti. Kweli, mteja namba moja alikuwa amekatiwa asubuhi ileile. Akayarudisha, akampigia, akaambiwa yanatoka, akashukuru. Kuhusu binti wa watu hakuna aliyemtaja. Mama mkwe alikuwa mtu wa heshima zake, na fundi alikuwa mwoga.

Jumatano yakakatika tena. Alhamisi hayakukatika. Ijumaa yakakatika. Wiki iliyofuata ikaanza kwa kukatika.

Fundi akazama kazini mpaka maji yakamfika shingoni, tukiachilia mbali kwamba kwa mama mkwe hayakufika hata bombani. Aliuondoa msingi mpya akauweka upya. Alizima ulinzi wa virusi, akauwasha. Aliwaandikia watengenezaji, wakamjibu kwa adabu kwamba wamepokea ujumbe wake na kwamba ujumbe wake ni muhimu. Akafungua kumbukumbu za mfumo, pale kompyuta inapojiandikia kila kilichotendeka, na aliyoyakuta humo yalimtoa macho. Amri ya kumkatia mama mkwe ilikuwa imetoka dawati la Mama Mihuri. Muda mfupi baadaye amri ya kumrudishia ilitoka dawati la Komando. Kisha ya kumkatia tena, dawati la Kidosho. Kila siku hivyo hivyo, isipokuwa ile Alhamisi ambayo Kidosho hakuja kazini, alikwenda kung'oa jino.

Fundi akavuta kiti mbele ya Mama Mihuri, akashusha sauti.

"Mama, wewe na mama mkwe wangu mnajuana?"

"Nitamjuaje mama mkwe wako?"

"Hamjawahi kugombana? Sokoni? Msibani?"

"Wewe kijana," akasema Mama Mihuri, "umekula?"

Komando alikula kiapo kwamba hajawahi kumkatia mtu maji tangu azaliwe bila karatasi ya meneja. Kidosho akalia kidogo, kwa shavu moja, maana lingine lilikuwa bado limevimba. Fundi akawaamini wote watatu, jambo lililozidi kumchanganya. Akaanza kufikiri kwamba msingi mpya una chuki binafsi na ukoo wa mkewe.

Angeweza kumwondoa mama mkwe kwenye namba moja. Aliliwaza hilo mara nyingi, akaupeleka hata mkono kwenye kipanya. Lakini namba moja akiondoka, anayepanda ni namba mbili, na namba mbili ni meneja, ambaye huoga asubuhi kwa muda mrefu akiimba. Mkono ukarudi wenyewe.

Alhamisi ya wiki hiyo ya pili mama mkwe akapiga simu jioni. Safari hii hakuanza na maji.

"Baba, nakuambia hili kwa sababu nakuheshimu. Mkeo anasema wewe ndiye unayetukatia."

"Mimi?"

"Anasema ndiyo salamu unazotuletea. Nimekutetea mpaka nimechoka. Sasa amesema hivi: maji yakikatika humu mara moja nyingine, atatuma mtu akachukue nguo zake zilizobaki kwako, na mambo yaishie hapo. Yasipokatika, njoo Jumapili mzungumze wenyewe. Mimi simo."

Fundi akabaki na simu sikioni hata baada ya kukatwa. Alimpenda mkewe. Hakuwa amelisema hilo kwa muda mrefu, hata kwa nafsi yake, lakini jioni hiyo, katika stoo yenye harufu ya mabomba, lilimjia waziwazi. Maji yale yakikatika tena, basi.

Ijumaa alifika ofisini akamkuta mlinzi anafungua lango. Alikuwa ameacha kuiamini mashine, na watu, na kumbukumbu za mfumo. Alichobakiwa nacho ni macho. Akaweka kiti nyuma ya dawati la Mama Mihuri, akakaa.

Mama Mihuri akaingia, akamsalimu mlinzi, akamsalimu fundi, akauliza kwa nini amekaa pale kama mwangalizi wa mtihani. Fundi akamwomba aendelee tu na shughuli zake, ajifanye hayupo. Mama Mihuri akatundika mkoba, akapangusa kiti, akawasha kompyuta, akaifungua programu ya wateja. Kisha, huku akigeuka kumwambia Komando habari ya mvua iliyoingia jikoni kwake, kidole chake kikashuka juu ya kitufe cha enta: ta, ta, ta.

Fundi aliona kila kitu. Enta ya kwanza ikamfungua aliye juu ya orodha. Ya pili ikakibonyeza kitufe kilichokuwa kimetangulia kwenye ukurasa wake, yaani Kata. Programu ikauliza, kama ilivyofundishwa, Una hakika? Enta ya tatu ikajibu Ndiyo.

Mama Mihuri bado alikuwa kwenye mvua.

"Mama!" fundi akaruka. "Umefanya nini?"

"Nimefungua programu."

"Hizo enta tatu ni za nini?"

"Ndivyo inavyofunguka, mwanangu."

Hapakuwa na wakati wa kubishana. Upande wa pili wa mji mita ilikuwa inaipokea amri, na huenda mkewe wakati huo alikuwa amesimama mbele ya bomba na sufuria mkononi. Fundi akakumbuka kumbukumbu za mfumo: Mama Mihuri kakata, Komando karudisha. Bila shaka! Aliyekwisha kukatiwa, kitufe chake kinachotangulia si Kata tena, ni Rudisha.

"Komando! Kaa!"

Komando, ambaye alikuwa anafunga kamba za buti, akakaa.

"Fungua programu kama kawaida yako. Usifikiri. Nakuomba sana, usifikiri!"

Komando hakufikiri. Ta, ta, ta.

"Mimi nami?" akauliza Kidosho, kidole kikiwa hewani.

"Wewe usiguse kitu!" fundi akapiga kelele, mpaka wateja wa mlangoni wakatazamana. Kidosho akakificha kidole nyuma ya mgongo. Fundi akapiga simu huku jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama. Maji yanatoka?"

"Marahaba. Yanatoka. Yalikohoa kidogo, sasa yanatoka."

"Yakikohoa ndiyo kukatika?"

Akasikia mama mkwe akimuuliza mtu chumbani, na yule mtu akijibu kwa ufupi.

"Anasema kukohoa si kukatika," mama mkwe akasema.

Fundi akaketi sakafuni, papo hapo nyuma ya kaunta.

Yaliyobaki yalijieleza. Zamani, juu ya msingi ule wa kale, programu ya wateja ilikuwa ikifunguka na malalamiko. Vijisanduku vitatu vya ujumbe vilitokea kila asubuhi, kimoja baada ya kingine, kila kimoja na kitufe kimoja cha Sawa. Aliyekaa dawati la kwanza kabla ya Mama Mihuri alimfundisha Mama Mihuri kuvipiga enta, Mama Mihuri akamfundisha Komando, Komando akamfundisha Kidosho. Hakuna aliyewahi kumwita fundi, kwa kuwa vilikuwa vinaondoka. Msingi mpya ulikuwa umeiponya programu, vijisanduku vikatoweka, na vidole havikuwa vimepewa taarifa.

"Lakini vilikuwa vinasema nini?" fundi akauliza.

"Nani?"

"Vijisanduku, mama. Miaka yote hiyo."

"Mwanangu, nitajuaje? Havikai."

Akaenda stoo, akawasha kompyuta moja ya akiba iliyokuwa bado na msingi wa zamani, akavisoma. Cha kwanza kililalamikia printa ambayo ilishakufa na kuzikwa. Cha pili kiliomba saa ya kompyuta irekebishwe. Cha tatu kilisema, kwa lugha nzuri kabisa, kwamba kitufe cha Kata hakina ulinzi wa kutosha, na kwamba fundi ajulishwe.

Hapo fundi akapandwa na hasira. Akatoka, akasimama katikati ya madawati, akawapa somo ambalo wateja wa foleni nao walilisikiliza bila malipo. Akawaambia kwamba mtu anayejibu asichokisoma ni hatari kuliko virusi. Akawaambia kwamba kitu kinapozungumza na wewe kila siku, kinakuomba, kinakuonya, na wewe unasema sawa sawa sawa ili kikuondokee, basi siku kikinyamaza usishangae. Alisema vizuri sana. Mzee mmoja wa foleni alitikisa kichwa kwa kukubali.

Mama Mihuri alimsikiliza mpaka mwisho, mikono kifuani.

"Umemaliza? Haya. Kitu kinasema vilevile kila siku, mwanangu, mtu anasikia mara ngapi? Sikio linachoka. Si kwamba tulikuwa na ubaya."

"Ubaya au si ubaya, maji ya watu yamekatika."

"Hilo nakubali," akasema Mama Mihuri, akagonga mhuri.

Kuwafundisha wasibonyeze kulishindikana. Mchana kutwa Komando alijaribu akiwa ameukalia mkono wake wa kulia, na mkono wa kushoto ukabonyeza. Ndipo fundi akafanya jambo ambalo hakuna chuo kinacholifundisha: akairudishia mashine ugonjwa wake. Akaandika kijiprogramu kidogo cha kutoa vijisanduku vitatu kila programu inapofunguka, ili enta zile tatu zipate mahali pa kuangukia. Cha kwanza akakiandika Habari za asubuhi. Cha pili, Bonyeza ukipenda. Cha tatu, kwa uchokozi tu, akakiandika: Ukisoma hapa, njoo kwa fundi uchukue pakiti ya biskuti.

Jumamosi wote watatu walifungua programu. Ta, ta, ta, mara tatu. Hakuna aliyekatiwa maji. Mama Mihuri akasema afadhali, sasa inafunguka vizuri kama zamani. Fundi alikaa stoo mpaka saa ya kufunga ofisi na pakiti ya biskuti mezani, na hakuna aliyekuja kuichukua.

Jumapili akaibeba biskuti ileile, akavaa shati alilolipiga pasi mwenyewe upande mmoja, akaenda ukweni.

"Hodi!"

"Karibu, baba. Ingia."

Akaingia, na hatua ya kwanza tu akajikwaa kwenye begi lililokuwa limewekwa mlangoni, nusura aingie kwa kichwa. Mama mkwe alikuwa kwenye kiti cha pembeni, amevaa miwani nyeusi humo humo ndani. Mkewe alikuwa amesimama kando ya dirisha. Alikuwa amevaa gauni lililomzidi mabega, na alikuwa mzuri kuliko fundi alivyomkumbuka, jambo lililomsahaulisha sentensi aliyoiandaa njia nzima. Jikoni bomba lilikuwa linatoka. Mtu alikuwa ameliacha wazi kidogo, kama shahidi.

Fundi akatoa salamu, akatoa biskuti, akakaa, akaanza kujitetea. Akaeleza msingi wa zamani na msingi mpya. Akaeleza vijisanduku. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyopata nguvu, maana kisa chenyewe kilikuwa kitamu na yeye ndiye shujaa wake. Akaigiza kidole cha Mama Mihuri. Akaigiza Komando ameukalia mkono.

"Wanabonyeza tu!" akasema akicheka. "Mashine inawaambia, wao sawa, sawa, sawa. Ukiwauliza imesema nini, hawajui! Mmoja ananiambia imemuuliza swali, amelijibu, na swali halijui!"

Mama mkwe alicheka kidogo kwa adabu. Mkewe hakucheka. Alitazama saa ya ukutani, akachukua kichupa kidogo kabatini.

"Mama, saa ya dawa."

Mama mkwe akavua miwani, akainua uso. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu na limelegea. Mke akaliachia tone, kwa mkono wa mtu aliyekwisha kuzoea kazi hiyo.

"Mungu wangu, mama," fundi akasema. "Jicho limefanyaje?"

Mama mkwe akairudisha miwani polepole, akageukia upande wa jikoni, kwa niaba ya fundi akiona aibu ambayo yeye fundi hakuwa bado ameifikia.

Mke akakiweka kichupa chini.

"Siku ile mlangoni," akasema, "nilikuambia nini?"

Fundi akatafuta. Aliliona begi la buluu. Aliuona mlango, na mkono wa mkewe juu ya kitasa, na mdomo wake ukicheza. Aliiona skrini yake mwenyewe, vizuri sana, mpaka namba ya kosa. Sauti haikuwapo. Kilichokuwapo ni sauti yake yeye, bila kuinua kichwa: sawa, sawa, sawa.

Angeweza kusema amesahau. Watu husahau, na ni kosa dogo. Lakini alikuwa amemaliza sasa hivi kuwacheka watu watatu mbele ya wanawake wawili, na bomba linatoka. Aibu ikampanda kutoka miguuni.

"Sijui," akasema. "Nilijibu tu, mke wangu. Sikusikiliza."

Mke akasema, taratibu, neno kwa neno, kama mtu anayelisoma tangazo kwa asiyejua kusoma:

"Nilikuambia: naenda kwa mama, Alhamisi anapasuliwa jicho, mtoto wa jicho. Nilikuambia mpigie simu umpe pole, atafurahi. Nilikuambia ufunguo wa stoo ya nyumbani nimemwachia jirani. Nilikuambia Jumapili uje unichukue, usichelewe, maana begi litakuwa zito, nitakuwa nimebeba na vyombo vyetu vilivyokuwa hapa. Ukasema sawa. Jumapili nilikaa hapo mlangoni mpaka mama akaniambia ingia ndani, giza limeingia. Jumanne yakakatika maji."

Neno lile likamjia fundi mdomoni, lenyewe, kwa mazoea, kama kidole cha Mama Mihuri. Akalimeza. Lilikuwa gumu kumeza.

"Alhamisi, jicho," akasema badala yake. "Nimpigie mama, nimpe pole. Ufunguo kwa jirani. Jumapili nije nikuchukue, nisichelewe." Akamgeukia mama mkwe. "Pole, mama. Pole sana. Nimechelewa."

"Nimeshapoa, baba," akasema mama mkwe. "Naona vizuri sasa. Hata shati lako naliona."

Fundi akalitazama shati lake, upande ule uliopigwa pasi na ule mwingine. Kisha akamtazama tena mkewe, na lile gauni.

"Gauni hilo si lako."

"La mama. Yangu yamo kwenye begi."

"Begi lipi?"

"Hilo ulilojikwaa."

Akageuka kulitazama. Lilikuwa la buluu. Zipu yake ilikuwa imefungwa mpaka mwisho, na vumbi jembamba lilikuwa limetanda juu yake, mahali ambapo mkono ungelishika kama ungekuja.

"Hujalifungua?" akauliza. "Tangu Jumapili ile?"

"Nilijisemea labda utakuja Jumatatu," mke akasema. "Halafu sijakusamehe. Nimechoka tu na magauni ya mama."

"Ni magauni mazuri," akasema mama mkwe kutoka pembeni.

Fundi hakusema sawa. Aliinuka, akaenda mlangoni, akalipangusa begi vumbi kwa kiganja, akalinyanyua. Lilikuwa zito, kama alivyokuwa ameambiwa.